Unaenda Uingereza? Leseni yako ina siku zake

Na MWANDISHI WETU

HEBU msomaji, kumbuka siku ulipomsindikiza ndugu au jirani katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Jamaa walijaa matatu nzima. Mzee mmoja aliongoza maombi kando ya mlango wa kuingilia, mama alishikilia mfuko wa unga wa wimbi ambao mwanawe hakutaka kuubeba, na msafiri mwenyewe alipapasa mfuko wa koti kila dakika kuhakikisha kwamba pasipoti iko. Pasipoti ilikuwapo, viza ilikuwapo, vyeti vya chuo vilikuwapo. Na ndani ya kibeti, nyuma ya kitambulisho, ilikuwapo leseni ya kuendesha gari, ambayo hakuna mtu aliyeuliza neno juu yake.

Leseni hiyo ndiyo habari yetu ya leo. Wakenya wengi waendao Uingereza kusoma au kufanya kazi huamini kwamba mtu aliyezoea kupenya kwenye msongamano wa barabara ya Jogoo hawezi kushindwa na barabara yoyote duniani. Isitoshe, Waingereza huendesha kushoto kama sisi. Basi kuna shida gani?

Shida haiko kwenye usukani. Shida iko kwenye kalenda na kwenye karatasi za bima, na imewaponza watu ambao hawajawahi kugonga hata kuku.

Mgeni siku mbili

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria ya Uingereza humtendea vivyo hivyo mwenye leseni ya Kenya. Ukifika na kufanya makao yako England, Scotland au Wales, unaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa leseni yako ya nyumbani kwa muda wa miezi 12, mradi leseni hiyo iwe hai wakati wote huo. Hakuna atakayekuuliza swali. Lakini miezi 12 ikiisha, ugeni wako umekwisha. Hapo ni lazima uwe umefanya mtihani wa huko na kupata leseni yao, la sivyo uweke funguo mezani.

Huenda ukauliza: kwa nini nisibadilishe tu leseni yangu ofisini, kama wafanyavyo wengine? Ni kweli kwamba wako wanaobadilishiwa bila mtihani. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo leseni zake hukubaliwa kwa njia hiyo. Kutoka Afrika, zimo Afrika Kusini na Zimbabwe. Kenya haimo. Kwa hivyo rafiki yako kutoka Harare akikwambia kwamba yeye alijaza fomu tu na kutumiwa leseni kwa posta, usimwone mwongo, lakini pia usifuate nyayo zake.

Kuna dhana mbili potovu ambazo ni vyema tuzing'oe mapema. Ya kwanza ni kwamba mtu anaweza kurudi Nairobi kwa likizo ya Krismasi na miezi 12 ikaanza upya atakaporejea. Sivyo. Hesabu huanza siku unapofanya makao huko, na likizo haivunji makao. Ya pili ni kwamba kibali cha kimataifa cha udereva, kile kinachotolewa hapa nchini na chama cha wenye magari, AA, huongeza muda. Sivyo pia. Kibali hicho ni kama tafsiri tu ya leseni yako. Hakiongezi hata siku moja.

Mfano wa Kerubo

Ili tuelewane vizuri, tuchukue mfano. Tuseme kuna muuguzi tutakayemwita Kerubo. Ni mtu wa mfano tu, lakini wenzake wa kweli ni wengi, hasa tangu mwaka wa 2021 ambapo Kenya na Uingereza zilitia saini mapatano ya kuwapeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko.

Kerubo anafika Leicester tarehe 10 Januari. Kazi yake si ya wodini. Ni ya kuzunguka nyumba hadi nyumba akiwatembelea wagonjwa na wakongwe, na bila gari kazi hiyo haifanyiki. Anajikusanyia pesa, ananunua gari kuukuu, analipa bima na kuanza kazi. Mwaka unapita upesi: zamu za usiku, karo ya mdogo wake huku nyumbani, paa la mama linalohitaji mabati. Januari inarudi. Tarehe 10 inafika na kupita, naye hana habari.

Asubuhi ya siku inayofuata Kerubo anawasha gari lile lile, kwa leseni ile ile, kwenda kwa mgonjwa yule yule. Machoni pake hakuna kilichobadilika. Machoni pa sheria, yeye sasa ni mtu anayeendesha gari bila leseni. Na hapa ndipo lilipo jambo ambalo kila familia yenye mtu ng'ambo yapasa ilielewe: karibu kila mkataba wa bima huwa na sharti kwamba dereva awe na leseni inayomruhusu kuendesha gari hilo. Leseni ikifa, bima nayo hufuata kaburini, hata kama malipo yanaendelea kukatwa benki kila mwezi.

Makosa mawili basi, kwa safari moja. Kuendesha bila leseni inayofaa kunaweza kumletea mtu faini ya hadi pauni 1,000. Kuendesha bila bima ni kosa zito zaidi. Polisi wakimaliza shauri papo hapo, adhabu ni pauni 300, yaani kama Sh50,000 kwa viwango vya mwaka wa 2025, pamoja na alama sita za adhabu. Kesi ikifika mahakamani, faini haina kikomo na dereva anaweza kupigwa marufuku barabarani. Gari nalo linaweza kuzuiliwa pale pale njiani, na lisipokombolewa kwa muda uliowekwa, likauzwa au kupondwapondwa.

Usidhani kwamba alama hizo hazimshiki mtu asiye na leseni ya Uingereza. Idara ya leseni, DVLA, humfungulia rekodi, na siku akipata leseni yao atazikuta zikimngoja. Mtu akifikisha alama 12 ndani ya miaka mitatu, kwa kawaida hunyang'anywa ruhusa ya kuendesha gari. Na kwa Kerubo, ambaye mwajiri alimwandika kwa kazi inayotaka gari, kupoteza ruhusa hiyo kunaweza kuwa ni kupoteza kazi, na viza yake imefungwa kwenye kazi hiyo.

Mtihani si vigari vya ubaoni

Wale tuliojifunza udereva hapa tunaukumbuka ule ubao wa mji wa mfano. Unasogeza kigari cha kuchezea, mtahini anakuuliza utapitia wapi kwenye mzunguko, unajibu, kisha mnaingia barabarani kidogo na mambo yanaisha. Ukienda Uingereza na fikira hiyo utarudi umeinamisha kichwa.

Hatua ya kwanza huko ni kuomba leseni ya mwanafunzi, ambayo hapa kwetu tumezoea kuiita PDL. Ukiomba kwa mtandao, bei yake mwaka wa 2025 ilikuwa pauni 34. Hatua ya pili ni mtihani wa nadharia, pauni 23, unaofanywa kwenye kompyuta. Una maswali 50 na ni lazima upate 43. Papo hapo unaonyeshwa filamu fupi 14 za barabarani, nawe unabonyeza kila unapoona hatari ikichipuka: mtoto anayekimbilia mpira, baiskeli inayoyumba, gari linalotoka kando bila kutazama. Huko nako ni lazima upate alama 44 kati ya 75.

Hatua ya tatu ni mtihani wa barabarani, pauni 62 kwa siku za kazi. Kwanza utaambiwa usome namba ya gari lililo mita 20 mbele yako. Ukishindwa kuisoma, mtihani umeishia hapo. Kisha utaendesha kwa dakika 40 hivi, na nusu ya muda huo hakuna wa kukwambia kata kulia au kushoto. Wewe utafuata vibao au chombo cha kuonyesha njia. Makosa madogo yasizidi 15. Kosa kubwa moja tu, umeanguka.

Kinachowaangusha madereva wenye uzoefu ni tabia, wala si kukosa ujuzi: kusahau kutazama vioo, kushika usukani kwa mkono mmoja, kulikaribia mno gari la mbele, kukipita kivuko cha miguu huku mtu akingoja kuvuka. Ndiyo maana inafaa kuchukua masomo machache na mwalimu wa huko hata kama umeendesha lori la mahindi kutoka Kitale kwa miaka kumi.

Kumbuka pia kwamba ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki, leseni utakayopata ni ya otomatiki pekee. La gia za mkono hutaruhusiwa kuligusa.

Jambo kubwa zaidi ni foleni. Katika mwaka wa 2025 watahiniwa katika vituo vingi walisubiri miezi mitano au zaidi kabla ya kupata nafasi ya mtihani wa barabarani. Piga hesabu, msomaji. Ukifika Januari na kuanza kuulizia mtihani Oktoba, umeshachelewa. Ukianguka mara moja na kurudi kwenye foleni, mwaka umekwisha.

Ukiwa ndani ya miezi yako 12, leseni ya Kenya hukuruhusu kuendesha peke yako hata ukiwa umeshachukua ile ya mwanafunzi. Miezi ikiisha kabla hujafaulu, unageuka kuwa mwanafunzi kamili: herufi L mbele na nyuma ya gari, na kando yako aketi mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi ambaye amekuwa na leseni kamili kwa miaka mitatu. Kerubo atampata wapi mtu wa kuketi naye kutoka nyumba ya mgonjwa mmoja hadi nyingine?

Bima haiazimwi na gari

Sasa tuje kwenye bima. Hapa kwetu, tangu zamani sheria imedai kila gari liwe na bima ya kumlinda mtu mwingine barabarani, na tumezoea kuitazama kwenye kioo cha mbele. Aidha, bima nyingi za hapa huruhusu mtu yeyote mwenye leseni kuendesha gari kwa idhini ya mwenyewe. Ndiyo sababu tunaazimana magari kama sufuria za harusi. Shemeji anakuja, unamtupia funguo.

Uingereza, bima huandikwa kwa kumtaja dereva. Ikiwa jina lako halimo kwenye mkataba wa gari la rafiki yako, na mkataba huo hausemi waziwazi kwamba dereva mwingine anaruhusiwa, wewe huna bima, hata kama gari lenyewe limelipiwa ile bima kubwa kuliko zote. Na rafiki aliyekupa funguo kwa moyo mweupe naye amevunja sheria, kwa sababu kumruhusu mtu asiye na bima kuendesha gari lako ni kosa sawa na la dereva. Wema wa dakika kumi unawatia wote wawili matatani.

Jambo la pili ni matumizi. Ukinunua bima utaulizwa gari ni la nini. Bima ya matembezi ya kawaida ni moja, ya kwenda mahali pamoja pa kazi na kurudi ni nyingine, na ya kuzunguka mahali pengi kikazi ni nyingine tena. Kerubo akiteua ile ya kwenda kazini na kurudi kwa kuwa ni nafuu, kisha akazunguka kwa wagonjwa sita kwa siku, anazunguka bila bima inayofaa.

Wanafunzi nanyi sikieni. Kupeleka vyakula kwa gari au pikipiki kwa malipo kunahitaji bima yake maalumu ya biashara. Kwa mwanafunzi kuna mtego zaidi ya huo: kazi hizo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi za kujiajiri, na viza ya mwanafunzi haimruhusu mtu kujiajiri. Unaweza kutafuta pauni 40 za jioni moja ukapoteza shahada ya miaka mitatu.

Bei ya bima nayo humtoa mgeni jasho. Huna historia ya udereva huko, hivyo kampuni hukuona kama kijana aliyeanza jana. Isitoshe, fidia kwa mtu aliyeumizwa na gari haina kikomo kisheria, ilhali hapa Kenya sheria iliweka kikomo cha Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Hesabu hiyo lazima ilipwe na mtu, na mtu huyo ni wewe mwenye bima.

Hapo ndipo walaghai huingia. Utaletewa ujumbe kwenye simu: bima kwa nusu ya bei, tuma pesa, cheti utapokea leo. Cheti huja kweli, chenye nembo na muhuri, lakini nyuma yake hakuna kampuni. Wengine hushauriwa waandike mtu mzima mwenye rekodi nzuri kama dereva mkuu, huku anayeendesha kila siku ni mwingine. Huo ni udanganyifu, na siku ya ajali kampuni inaweza kuukataa mkataba mzima.

Kamera haziombi chai

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo askari wa trafiki akisimamisha gari, mazungumzo huanza. Uingereza, mara nyingi mazungumzo huwa yamekwisha kabla hujasimamishwa. Kibandiko cha ushuru wa barabara kwenye kioo kiliondolewa mwezi Oktoba 2014, na cha bima hakipo. Kila kitu kimo kwenye kompyuta. Kamera za kando ya barabara na za kwenye magari ya polisi husoma namba ya gari na kuilinganisha na orodha ya magari yenye bima. Gari lako likikosekana humo, taa za buluu zitakufuata. Kamera haina watoto wa kusomesha, wala haiombi chai.

Hata gari lililoegeshwa tu halisahauliwi. Tangu mwaka wa 2011 mwenye gari hutakiwa kuwa na bima mfululizo, au kuiarifu DVLA rasmi kwamba gari limeondolewa barabarani. Asipofanya hivyo, barua ya faini ya pauni 100 inaweza kumfikia mlangoni hata kama gari lenyewe halijasogea inchi moja.

Na ukimgonga mtu bila bima? Waingereza wana chombo kiitwacho Motor Insurers' Bureau, kilichoanzishwa mwaka wa 1946 na kugharimiwa na kampuni za bima, ambacho humlipa mtu aliyeumizwa na dereva asiye na bima. Aliyeumia hatatupwa. Lakini chombo hicho kikishalipa kinaweza kumgeukia dereva kumdai. Deni la jeraha la uti wa mgongo halilipwi kwa mshahara wa muuguzi, wala kwa kuuza shamba la baba.

Kabla ya kupanda ndege

Nini basi cha kufanya? Kabla ya kuondoka, hakikisha leseni yako ya Kenya itakuwa hai kwa mwaka mzima ujao. Ikiwa imebakisha miezi mitatu, ifanye upya kwanza. Iombe kampuni yako ya bima hapa barua inayoonyesha miaka uliyokaa bila kudai fidia. Huko zipo kampuni zinazoikubali na zipo zinazoikataa, lakini barua haiozi.

Ukifika, andika tarehe uliyoanza makao mahali utakapoiona kila siku. Chukua leseni ya mwanafunzi katika wiki za kwanza, mradi kibali chako cha kuishi huko si chini ya siku 185. Fanya mtihani wa nadharia mapema na uingie kwenye foleni ya ule wa barabarani mara moja. Unaponunua bima, sema ukweli wote: leseni ni ya Kenya, umefika lini, gari litafanya kazi gani. Ukifaulu mtihani, iarifu kampuni. Na ikiwa safari yako ni ya Belfast, uliza ofisi ya huko, maana Ireland Kaskazini ina idara yake ya leseni.

Wale wanaoelekea kwingine wasidhani wamenusurika. Katika Falme za Kiarabu, ukishakuwa mkazi unatakiwa kuwa na leseni ya huko, nao huendesha upande wa kulia. Marekani, kila jimbo lina sheria yake. Kwa hivyo swali ni lile lile popote uendapo: leseni yangu ni mgeni hapa kwa siku ngapi, na bima inasemaje siku hizo zikiisha?

Nanyi wazazi mliobaki nyumbani, mna kazi yenu. Tunapopiga simu ng'ambo huwa tunauliza kuhusu baridi, chakula, kanisa, na kama pesa za mabati zimepatikana. Wiki hii, kabla ya kuuliza habari za mabati, muulize mwanao tarehe aliyofika, kisha hesabuni pamoja miezi iliyobaki. Ikiwa imekwisha, mwambie apande basi. Atachelewa kufika kazini kwa nusu saa, lakini kazi ataikuta.